Mbuzi Watano wa Runji

Chubwi.

Ndiyo sauti aliyoikumbuka Runji baadaye, kila alipojiuliza ni siku gani mambo yalikuwa bado yanaokoleka. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mtaa wa Majimbo mjini Embu umefunikwa na lile wingu la kijivu lisilonyesha wala kuondoka, naye ameketi jikoni na kikombe cha uji. Kutoka chumba cha nyuma akasikia kitu kizito kikijitia majini. Akajua ni Madam, chatu wake jike, ameingia katika beseni lake la maji ya kunywa.

"Umesikia?" alimwambia mkewe. "Huyo anaoga mapema kuliko wewe."

"Mwambie asimalize maji," Wawira alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ndengu alizokuwa akichambua.

Wakacheka. Uji ukaisha. Madam akakaa ndani ya maji siku ile nzima, na siku iliyofuata, na nyingine, amejikunja humo kama kamba iliyosahaulika kisimani, kichwa peke yake kikiwa juu. Runji hakujiuliza kwa nini mnyama anayependa joto alale kwenye maji baridi mwezi wa baridi. Kwa miaka kumi na mmoja aliyofuga nyoka, hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa wa ngozi. Mtu huacha kuogopa kitu ambacho hakijawahi kumjia.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alizaliwa upande wa Kiritiri, kule chini kwenye joto, na utoto wake ulipita nyuma ya mbuzi wa baba yake. Nyoka, kwake na kwa wenzake, alikuwa kazi ya jiwe: ukimwona, unampiga, halafu unaendelea na safari. Siku moja, akiwa kidato cha pili, alimpiga mmoja aliyekuwa akisugua magamba yake na kutoa sauti kama mafuta yanayokaangwa. Akambeba kwa kijiti hadi shuleni ili asifiwe. Mwalimu wa bayolojia akamfungua kinywa mbele ya darasa. Hakukuwa na meno ya sumu. Meno yenyewe hayakuonekana. Alikuwa nyoka mla mayai, ambaye huiga kelele za nyoka wakali kwa kuwa hana silaha nyingine duniani.

"Huyu alikuwa anakutisha," mwalimu alisema, "kwa sababu alikuogopa."

Darasa lilicheka. Runji alirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Alifanya kazi ya mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka ishirini na tisa, akiosha chupa na kufuta vumbi kwenye mitungi ya nyoka waliolala ndani ya dawa. Alipokaribia kustaafu aliomba kibali cha kufuga nyoka wasio na sumu, akakaguliwa, akasubiri, akapewa. Akatengeneza masanduku ya mbao yenye milango ya kioo, akayapanga katika chumba cha nyuma. Kazi yake ya uzeeni ikawa hiyo: kuzunguka mashuleni, kuanzia Embu hadi pembezoni mwa Meru, akiwaonyesha watoto ni nyoka gani wa kukimbia, na ni yupi wa kuachwa apite zake.

Madam ndiye aliyekuwa somo lenyewe. Alikuwa na urefu wa mita tatu na ushee, mwenye shingo ya rangi ya asali na mabaka kama majani makavu yaliyolowa. Jina lake alipewa na watoto wa darasa la nne. Siku hiyo Runji alimweka sakafuni, naye akapita polepole kati ya madawati, akisimama hapa, akiinua kichwa pale, kana kwamba anakagua kazi ya ziada. "Ni kama Madam Cicily!" mtoto mmoja alipiga kelele, na mwalimu Cicily mwenyewe, aliyekuwa amepanda juu ya kiti, alicheka hadi akakaribia kuanguka. Tangu siku ile mtoto aliyemgusa Madam alienda nyumbani akiwa na habari, na Runji aliamini, bila kumwambia yeyote, kwamba kila mkono uliomgusa ulikuwa jiwe moja lililoanguka chini bila kurushwa.

Mji ulimwita Edeni. Dukani walimuuliza, "Edeni, tufaha zimefika?" Kanisani mama mmoja alihama benchi, kisha akarudi kumwomba aonyeshe mifuko ya koti. Katika duka la dawa za mifugo, mwenye duka, Nyamu, alikuwa na salamu yake: "Mzee wa Edeni! Leo umekuja na shetani wangapi?" Wateja wakacheka, Runji naye akacheka. Alikuwa amejifunza kucheka kabla yao, ili kicheko kianzie kwake. Wawira peke yake ndiye ambaye hakumtania mbele za watu. Lakini hata yeye, kwa miaka yote kumi na mmoja, hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba cha nyuma.

Mwishoni mwa Juni aliitwa aende Mitunguu na mzee Gitobu, ambaye zamani alizungusha chatu kwenye maonyesho ya kilimo. Sasa sukari ilikuwa imemla miguu, hawezi kusimama.

"Mchukue huyu kijana," Gitobu alisema, akionyesha sanduku lililokuwa chini ya migomba. "Wanangu wanangoja nife ili wamkate kichwa."

Ndani mlikuwa na chatu dume mchanga, aliyekonda, juu ya maranda ya mbao yaliyooza kwa unyevu. Karatasi zikaandikwa, ofisi ya wanyamapori ikaarifiwa, na Runji akaja naye nyumbani na sanduku lake.

Alijua kwamba mgeni hutengwa. Alikuwa amelisoma mahali. Lakini nyumba ilikuwa na chumba kimoja tu chenye taa za kupasha joto, na stoo ilikuwa baridi kama kaburi. Kwao mgeni hulazwa penye moto. Kwa hiyo akaliweka sanduku la Gitobu pembeni mwa sanduku la Madam, ubao kwa ubao, akamwambia yule kijana pole kwa safari.

Wiki ya tatu ndipo Madam alipoingia majini. Na siku ya nne ya kukaa kwake majini, Runji alipomnyanyua ili abadilishe maji, aliona viganja vyake vimechafuka. Vilikuwa vidoadoa vyeusi, vidogo sana, kama vumbi la majani ya chai. Akavipuliza. Havikupeperuka. Kisha vumbi lile likaanza kutembea.

Akamgeuza Madam chini ya taa. Wadudu walikuwa kwenye mkunjo wa kidevu. Walikuwa wamejipenyeza chini ya magamba ya shingo, yakainuka kidogo kama vigae vilivyosukumwa na mizizi. Walikuwa wamezunguka macho, na ukingo wa kila jicho umevimba kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Kitakoni mwa beseni kulikuwa na tabaka jeusi la waliozama. Akaenda kwenye masanduku mengine, kwa wale wawili wadogo wa kahawia waitwao nyoka wa nyumba. Wanao. Mla mayai aliyemfuga, wa jamii ya yule wa shuleni, anao. Yule kijana wa Gitobu alikuwa amejaa. Weusi wake wa pembe za mdomo, ambao Runji alikuwa ameudhani ni rangi yake, ulikuwa unatembea.

"Ni nini?" Wawira aliuliza kutoka mlangoni.

"Utitiri."

"Kama ule wa kuku?"

"Ndugu yake. Huu ni wa nyoka. Unanyonya damu."

"Baba Ruguru, hiyo kitu isinifikie kwa kitanda."

Alimpigia simu Daktari Kendi, daktari wa wanyama aliyekaa Meru mjini, ambaye miaka miwili kabla alimtibu Madam kidonda cha kinywa. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena jioni, na tena kesho yake. Aliwatazama nyoka wake wakijisugua kwenye mbao, wakigeuka, wakirudi, bila mahali pa kuiacha ngozi yao. Asubuhi ya tatu akavaa koti, akaenda dukani.

Nyamu hakuwepo. Nyuma ya kaunta alikuwa binti mgeni, mwenye kitambulisho kifuani: Caroline. Wateja waliokuwemo walikuwa wa kutoka mashambani. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesema Edeni.

"Karibu, mzee. Nikusaidie na nini?"

"Nataka dawa ya wadudu wa ngozi. Kupe, utitiri, wa aina hiyo."

"Ni ya mnyama gani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Alilijua na alijua kitakachofuata: binti atarudi nyuma hatua moja, mtu atauliza kama wako mfukoni, duka zima litapasuka. Alikuwa amelala vibaya siku tatu. Hakuwa na kicheko cha kuanzisha.

"Mbuzi," alisema.

"Ngapi?"

"Tano."

"Wa maziwa ama hawa wa kienyeji?"

"Wa kienyeji. Mimi ni mtu wa Kiritiri."

"Ai, hata mimi nyanya yangu ni wa huko! Sasa mzee, mbuzi tano na uko hapa town, unawalisha nini?"

Na Runji akamweleza. Akamweleza majani wanayoyapenda wakati wa kiangazi, na jinsi beberu mmoja wa baba yake alivyokuwa akipanda juu ya paa la jikoni. Mzee mmoja aliyesubiri mbolea akaingilia kwamba beberu wake alikula kofia ya chifu, wakacheka wote. Walizungumza kama robo saa. Kwa robo saa Runji alikuwa mtu kama watu, mwenye mifugo kama mifugo, na hakuna aliyeangalia mifuko yake.

Caroline alimpa chupa ya dawa ya kuogesha na kumweleza vizuri kabisa. Alieleza kipimo kwa ndoo ya lita ishirini. Nyunyiza kuanzia kichwani hadi chini ya mkia. "Na usisuuze, mzee. Iache imkaukie mwilini, ndio inafanya kazi."

"Najua," Runji alisema. "Mbuzi hasuuzwi."

Alilijua tangu ana miaka sita. Mbuzi akishaogeshwa huachwa juani na dawa yake mpaka akauke. Ukimsuuza umeitupa dawa. Lilikuwa katika mikono yake, halikuwa na haja ya kupitia kichwani. Nyumbani akachanganya ndoo, akajaza bomba la kunyunyizia, akawatoa nyoka mmoja mmoja. Akawapulizia kuanzia kichwani hadi mkiani. Kwa kuwa utitiri hujificha, akapuliza na masanduku, kwenye nyufa, kwenye maranda. Kisha akawarudisha wakiwa bado wanameta kwa dawa, akafunga milango ya kioo, na kwa ajili ya baridi ya Julai akaziba dirisha kwa blanketi.

Lakini mbuzi husimama mahali pa wazi, upepo ukimpuliza. Nyoka watano walikuwa wamefungiwa katika masanduku yaliyolowa, katika chumba kilichozibwa, wakivuta pumzi ya dawa ile na kuilalia.

Alinawa mikono kwa sabuni. Akamwambia Wawira, "Sasa watapumzika."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa saba alipochungulia, mla mayai alikuwa amelala chali, tumbo lake jeupe juu, akitetemeka kuanzia shingoni hadi mkiani, bila sauti. Nyoka hawezi kulia. Runji aliwahi kuwaambia watoto hivyo kama maajabu. Akafungua mlango wa kioo na harufu ya dawa ikampiga usoni, akaona jinsi macho yake mwenyewe yalivyoanza kutoka machozi, na hapo ndipo alipoelewa.

Simu ya Daktari Kendi ikapokelewa mara hii. Alikuwa amerudi kutoka kwenye mafunzo.

"Umewanyunyizia nini?" aliuliza, na aliposikia jina la dawa akaharakisha maneno. "Mzee, nisikilize. Watoe wote nje ya masanduku, sasa hivi. Fungua madirisha yote. Waoshe kwa maji ya vuguvugu, mengi, ubadilishe mara kwa mara, kichwa usikitie majini. Halafu uwaweke kwa kitu kisafi na kikavu, mbali na hicho chumba. Uko na mtu wa kukusaidia?"

Runji akageuka. Wawira alikuwa amesimama kizingitini, miguu yake ikiwa bado upande wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama mumewe akiwa na simu sikioni, akamtazama yule mdogo aliyelala chali. Kisha akajifunga leso kiunoni, akavuka.

"Nishike wapi?" alisema.

"Mama Ruguru..."

"Nimekuuliza nishike wapi."

Walifanya kazi mpaka giza likaingia. Wawira alichemsha maji na kuyapooza, akayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Alileta foronya zake nyeupe zilizofumwa maua, zile za wageni, wakawatia humo. Mla mayai alikufa kwenye beseni la pili. Nyoka wa nyumba mmoja alikufa kabla ya saa kumi, na mwenzake wakati wa chakula cha jioni ambacho hakuna aliyekipika. Kijana wa Gitobu alivumilia hadi asubuhi, akafungua kinywa kana kwamba anataka kusema kitu, akabaki hivyo.

Madam peke yake, kwa ukubwa wa mwili wake, alibaki akipumua.

Daktari Kendi alifika kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini na viatu vya matope. Alimsikiliza Madam kifuani, akamdunga sindano, akamwingizia maji kwa mpira mwembamba. Baadaye akaketi kwenye kigoda, akafungua daftari lake.

"Ulitumia kipimo gani, mzee?"

"Kile nilichopewa dukani."

"Dukani walijua ni nyoka?"

Runji alitazama sakafu.

"Mzee Runji, siko hapa kukugombeza. Nahitaji kujua."

"Nilisema ni mbuzi."

Wawira, aliyekuwa akikamua kitambaa, aliacha kukamua.

"Mbuzi?" alisema.

"Mbuzi watano."

"Na ukawasuuza?" daktari aliuliza polepole.

"Mbuzi hasuuzwi," Runji akasema, na ilikuwa kana kwamba amesikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza, ikitoka katika kinywa cha mjinga fulani barabarani.

Kendi akafunga daftari. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma na hakujua afanye nini na huruma ile, akaanza kumweleza namna inavyofanywa. Kwamba dawa ya mwilini huenda kwa uzito wa nyoka, na daktari ndiye anayeipima. Kwamba dawa ya masanduku hunyunyiziwa sanduku tupu, kidogo tu, bila beseni la maji ndani, kisha linaachwa wazi mpaka likauke na harufu iishe, ndipo mwenyewe arudi. Maranda yatupwe na kuchomwa. Nyufa zioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Sakafuni itandikwe karatasi nyeupe, ili kila kidoa cheusi kionekane. Nyoka aogeshwe maji ya vuguvugu tu, apanguswe kwa kitambaa laini, atazamwe chini ya kidevu na kandokando ya macho. Na kazi yote irudiwe baada ya siku chache, kisha tena, kwa sababu mayai hujificha na huanguliwa wakati umeshafurahi.

"Na mgeni?" Runji aliuliza.

"Mgeni anakaa chumba chake. Miezi miwili, mitatu. Unahudumia wenyeji kwanza, yeye mwisho, halafu unanawa na kubadilisha shati."

Runji alichukua kalamu akayaandika yote, kwa mwandiko ule wa maabara, mstari chini ya kila neno kubwa. Wawira alimtazama akiandika. Masanduku manne yalikuwa wazi na matupu nyuma yake.

Daktari alipoondoka, Wawira aliketi kwenye kigoda alichokiacha.

"Kwa nini mbuzi?" alisema.

Runji alifunika kalamu. "Nilitaka mara moja tu kuwa mtu wa mbuzi."

Wawira akapangusa mikono kwa leso, kidole baada ya kidole. "Si ungeniambia," alisema. "Tungenunua mbuzi."

Wiki zikafuata. Runji alifanya kila kilichoandikwa. Kila asubuhi alitandika karatasi nyeupe katika sanduku lililooshwa na kukaushwa, akamlaza Madam juu yake, na kila jioni akaipeleka karatasi dirishani akaikagua kwa miwani. Wiki ya kwanza kulikuwa na vidoa saba, vyote vimekufa. Wiki ya pili, kimoja, na kilikuwa tone la wino. Wiki ya tatu karatasi ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, kama shuka la kanisa. Angekuwa ameomba kitu kimoja tu mwezi ule, angeomba karatasi hiyo.

Na juu ya karatasi hiyo nyeupe Madam alilala kama alivyolazwa. Mkia uliokuwa ukishika mkono wa mtu kama mtoto anayeogopa kuachwa ulining'inia. Kichwa kiliinuka, kikayumba, kikaanguka upande. Hakula. Mate mazito yalimjaa kinywani, na Runji akayafuta kwa pamba, mara kumi kwa siku. Alimgeuza ubavu ili asichubuke. Alimsomea, Mungu amsamehe, magazeti, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Walimu watatu walipiga simu kuuliza kuhusu muhula mpya. Darasa la nne walikuwa wakimngoja Madam. Aliwaambia ana mafua kidogo.

"Utawaambia hivyo mpaka lini?" Wawira aliuliza.

"Mpaka apone."

"Baba Ruguru."

"Utitiri umeisha. Umeona karatasi mwenyewe. Umeisha wote."

Alirudi kanisani Jumapili moja. Mtu akamuuliza mlangoni, kwa ukarimu kabisa, "Edeni, nyoka hawajambo?" Runji alifungua mdomo ili acheke kwanza, kama kawaida yake. Hakikuja kitu. Alitoka akatembea hadi nyumbani, na Wawira akamfuata nyuma na Biblia mbili mkononi.

Mwishoni mwa Agosti Daktari Kendi alikuja tena, alasiri, wingu likiwa limeshuka hadi kwenye mapaa. Walitandika blanketi sakafuni. Kendi akampindua Madam taratibu, tumbo juu, akaondoa mikono.

Nyoka mzima hawezi kuvumilia hivyo; hujigeuza kabla hujamaliza kumwachilia. Wote watatu walisubiri. Magamba mapana ya tumboni, meupe yenye rangi ya siagi, yalipanda na kushuka. Sehemu moja ya shingo ilijikaza, ikajaribu, ikaacha. Walisubiri tena. Nje mtu alikuwa akivuta mkokoteni wa maji, wakausikia ukija, ukipita, ukienda.

Runji akapiga magoti akamgeuza mwenyewe.

"Ngozi ni safi," Kendi alisema. "Umemhudumia vizuri kuliko watu wengi wangeweza. Lakini mishipa haijarudi, mzee. Sasa hata mapafu yanajaa. Anazama polepole. Tumpumzishe."

"Nipe wiki moja."

"Uliniomba wiki moja wiki iliyopita. Na nyingine kabla yake."

"Hana maumivu. Ametulia tu."

Wawira alisema, "Wewe ndiye ulifundisha watoto kwamba hawezi kulia."

Runji aliweka kiganja chini ya kichwa cha Madam. Ulimi ulitoka nusu, ukabaki nje, ukasahau kurudi. Mgongo wake ulipinda kama wa mtu anayechota maji mahali pa chini sana. Kisha akatikisa kichwa, mara moja, kukubali.

Wawira akafunga mlango wa jikoni ili kusiwe na upepo. Kendi akafungua mkoba wake, akajaza bomba la sindano, akaliinua kwenye mwanga, akalipiga kwa ukucha. Akaja akapiga magoti upande wa pili wa blanketi, akanyoosha mkono kutafuta mahali pa moyo.

Runji hakuinua uso. Alisema kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba daktari ilibidi ainame ili amsikie:

"Pasha mikono joto kwanza, daktari. Baridi humshtua."